Marehemu Bado Anaogopwa

Haikuwa zamani, wala si za kale. Ni juzi tu, na nchi yenyewe haipo, kwa hiyo ndugu msomaji usianze kumkonyeza jirani yako. Inaitwa Upoleni. Ukiitafuta kwenye ramani ukaikosa, usiilaumu ramani. Watu wa Upoleni ni wapole, na mpole hapendi kujionyesha.

Mimi nilikuwa karani wa serikali huko, Idara ya Hofu, chumba namba sita. Jina langu Tibuti Kalenga. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote katika jengo lile, na nasema hivi bila majivuno, maana hata Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kusema, "Kalenga, ukiandika uongo mtu anatamani uwe kweli." Nilifurahi wiki nzima.

Upoleni tulikuwa na chama kimoja kikubwa, Chama cha Mkono Mwororo, rangi yake zambarau. Vilikuwepo na vyama vingine vidogo vidogo, ambavyo vilitolewa nje wageni wakija, kisha vinarudishwa ndani. Wapenzi wa Mkono Mwororo walioiva kabisa katika mapenzi waliitwa Wakereketwa. Hao walikipenda Chama mpaka serikali ikaona si salama kuwaacha mikono mitupu, mapenzi makubwa namna ile. Wakagawiwa bunduki.

Basi, ajabu ya Mungu! Tangu siku ile Wakereketwa wakawa wanavamiwa kila kukicha. Mwaka mmoja tu nilihesabu kwa mkono wangu wavamizi mia na arobaini waliouawa kwa kujihami: wauza maandazi, walimu, bibi mmoja aliyekuwa anachota maji, waandamanaji waliokuwa wamekaa chini. Wote wavamizi. Na katika mashambulizi yote hayo mia na arobaini hakuna Mkereketwa hata mmoja aliyepata mchubuko. Tulimshukuru Mungu, tukafanya na sala ya kitaifa.

Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Kujihami. Kwa faida ya wale wasioijua, kifungu cha kwanza kilisema: *Mtu aliyeogopa hana kosa.* Cha pili: *Mtu aliyeogopesha ana kosa, awe hai au vinginevyo.* Cha tatu ndicho kilichotuletea balaa, nacho kilisema maiti ya mtu aliyeogopesha haitazikwa mpaka yule aliyeogopa atamke, mbele ya mashahidi wawili na karani wa Idara, kwamba haiogopi tena. Wabunge walieleza kuwa si haki mwathirika aendelee kuishi na hofu, na mtu aliyemtia hofu anajilalia kaburini kwa raha zake.

*

Siku moja, jua la saa nne, mlango wa chumba namba sita ulisukumwa kwa mguu. Akaingia Kamanda Ngwali Kitunda, Mkereketwa wa daraja la kwanza, mtu wa miraba minne, bunduki begani, shati la zambarau limembana mpaka vifungo vinaomba msaada.

"Karani, nimevamiwa," akasema, akaketi.

"Pole sana Kamanda. Umeumia?"

"Nani? Mimi? Nimeogopa tu."

Nikatoa fomu. Lazima niwaambie juu ya fomu ile, maana ndiyo kazi yangu na ndiyo kosa langu. Ilikuwa na visanduku kumi na viwili, na sheria kuu ya Idara yetu ilikuwa hakuna kisanduku kinachobaki wazi. Kisanduku kikibaki wazi, fomu inarudishwa, karani anaandikiwa barua. Mimi kwa miaka tisa sikuwahi kuacha kisanduku wazi, hata kimoja. Nilikuwa nasifiwa kwa hilo.

"Marehemu ni nani?"

"Fundi Mbaruku. Yule fundi cherehani wa Mtaa wa Sindano."

Kalamu ilisita kidogo. Fundi Mbaruku ndiye aliyenishonea suruali niliyokuwa nimeivaa wakati ule. Mzee mwembamba, mkimya, kilo hamsini kwa kukadiria, na hapo pamoja na miwani. Lakini kazi ni kazi.

"Ilikuwaje, Kamanda?"

"Nilikwenda kulalamikia shati. Linabana. Akaniambia, 'Kamanda, shati halijapungua, umenenepa wewe, simama nikupime upya.' Watu pale kibarazani wakacheka. Mara natupa macho kwenye cherehani, naona kitambaa cha rangi ya chungwa! Rangi ya wapinzani! Nikamuuliza, 'Wewe mzee, unawashonea maadui?' Unajua alinijibu nini? Ati, 'Mimi nashona mwili wa mtu, Kamanda, moyo wake anautengeneza mwenyewe.' Hapo nikaogopa."

"Kiasi gani? Fomu inataka kiasi. Kuna kidogo, cha wastani, kikubwa na kisicho na kifani."

"Andika kisicho na kifani."

Nikaandika. "Risasi ngapi?"

"Saba."

"Zilimpata wapi?"

"Mgongoni."

Nikainua uso. Nilimtazama kwa heshima kabisa. Kamanda akakohoa, akasema marehemu alikuwa anamjia kinyumenyume. Kulikuwa na kisanduku cha mwelekeo wa marehemu, nikaandika pale: *Alimshambulia mwathirika kwa kurudi nyuma.* Jibu lile lilinipendeza lilivyokaa.

Kikabaki kisanduku cha tisa: *Silaha ya marehemu.*

"Alikuwa na silaha gani, Kamanda?"

Kamanda akafikiri. Akajikuna kidevu. "Hakuwa na kitu. Acha wazi."

Acha wazi! Mimi, Tibuti Kalenga! Nilihisi kama mtu kaniambia nitoke nje bila suruali. "Kamanda, hakiachwi wazi," nikamwambia. "Jaribu kukumbuka. Mkononi hakuwa na chochote? Shingoni?"

"Shingoni alikuwa na ile futi kamba yao ya kupimia."

"Basi," nikasema, nikachovya kalamu. *Futi kamba, urefu inchi sitini, ya kuvaa shingoni.* Kwa mwandiko wangu ule. Fomu ikajaa yote, nikagonga muhuri, Kamanda akapewa Hati ya Hofu, na kesho yake asubuhi Mkurugenzi akaiingiza futi kamba katika Orodha ya Silaha za Taifa, baina ya fataki na gobole.

Ile rangi ya chungwa ilikuja kujulikana baadaye. Zilikuwa foronya za mito, zilizoagizwa na mke wa Katibu wa Chama.

*

Siku ya pili alikuja Bi Arafa, mke wa marehemu. Mwanamke wa makamo ya mwisho, mfupi, mwenye sauti ya chini. Shingoni alikuwa amevaa futi kamba ya mumewe, ile ile, na doa lake la damu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua kibali. Nataka kumzika mume wangu. Kwetu maiti haicheleweshwi, na huyu kalala jana na leo."

Nikamweleza kifungu cha tatu. Nikamweleza vizuri, pole pole, kama tulivyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Mbaruku ni mtuhumiwa?"

"Ndiyo mama. Yuko chini ya ulinzi. Kule mochwari amewekewa Wakereketwa wawili mlangoni."

"Wanamlinda asitoroke?"

"Wanawalinda wengine dhidi yake, mama."

Bi Arafa hakulia. Alikunja futi kamba kwenye vidole, akaikunjua. "Nisomee tena hicho kifungu," akasema. Nikamsomea. "Huyo Ngwali akisema hamwogopi tena, basi?"

"Basi. Nagonga muhuri, unazika."

"Nitakwenda nimwombe."

Alikwenda. Alimkuta Kamanda barazani kwake, ana walinzi wanne, maana mwathirika wa hofu isiyo na kifani hupewa ulinzi wa serikali. Alimwomba kwa adabu zote. Akamwambia, "Mwanangu, yaliyopita yamepita kwa Mungu, mimi nataka mwili tu." Kamanda akamwambia anamhurumia sana, ila bado anaogopa. Jana tu alikuwa anakula pilau, akamkumbuka marehemu, kijiko kikamwanguka.

Ukweli, ndugu zangu, ni kwamba Kamanda hakuweza kuacha kuogopa. Ijumaa ile alikuwa anavishwa nishani.

*

Nishani yenyewe iliitwa Nishani ya Woga Uliotukuka, na sherehe ilifanyika ukumbi wa Idara yetu. Mkurugenzi wa Hofu za Taifa, Mheshimiwa Dakta Lukumba, alipanda jukwaani na karatasi kumi na nane. Nitawapa ufupi wa hotuba, maana sisi tulisimama nayo yote.

"Ndugu wananchi," alisema, "woga wa zamani ulikuwa woga wa kukimbia. Huo ni woga wa kikoloni! Woga wetu sisi ni woga wa kimaendeleo, woga unaosonga mbele, woga wenye shabaha! Kamanda Ngwali angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Lakini alijiuliza, nikikimbia mimi, nani ataogopa kwa niaba ya taifa? (Makofi.) Akasimama. Akaogopa. Akaogopa mara saba!"

Hapo kwenye "makofi" aliposoma, tulipiga makofi.

Kamanda akavishwa. Akatangazwa pia kuwa mgombea wa uenyekiti wa Wakereketwa wa mkoa mzima. Bi Arafa alikuwa amesimama mlangoni, amenyimwa kuingia kwa sababu ya silaha aliyoivaa shingoni.

Tangu hapo alikuja ofisini kila asubuhi. Siku ya tano, siku ya sita, siku ya nane. Hakuwa na fujo. Anakaa kwenye benchi, anatoa kazi kwenye kapu, anashona. Alikuwa anamalizia nguo za wateja ambazo marehemu aliziacha njiani; alisema watu wasije wakamdai mume wake nguo na yeye hana mdomo wa kujibu. Na kila siku kabla ya kuondoka anasema, "Mwanangu, nisomee tena."

Siku ya kumi nilimwambia, "Mama, kifungu umekwisha kukijua kuliko mimi."

"Nisomee tu. Kinasema lazima atamke hapa ofisini?"

Nikatazama. "Hapana mama. Popote. Mradi wawepo mashahidi wawili na karani wa Idara ana kitabu chake."

"Na wewe kitabu chako unatembea nacho?"

"Kwenye shughuli za Chama, ndiyo. Ni amri. Makarani wote tunahudhuria mikutano na vitabu, tuandike hofu ikitokea."

"Ahaa," akasema Bi Arafa. Akakunja kazi yake, akaenda zake. Siku ya kumi na moja hakuja. Nilishangaa kuona benchi tupu linanikera.

*

Mkutano mkubwa wa kumnadi Kamanda Ngwali ulifanyika siku ya kumi na tano, uwanja wa mpira. Watu elfu tatu walikuja kwa hiari yao. Waliosahau hiari yao nyumbani walifuatwa na magari.

Mikutano ya Mkono Mwororo ina desturi moja nzuri ya kidemokrasia: mwishoni wananchi huuliza maswali matatu. Maswali huandikwa ofisini kwa Katibu, majibu pia, kisha vijikaratasi hugawiwa. Swali la kwanza huulizwa na kijana, la pili na mfanyakazi, la tatu na mama mtu mzima aliyevaa khanga za Chama, kwa sababu wapiga picha wanapenda mama mtu mzima. Mama huyo hachaguliwi mapema. Katibu hutupa macho tu kwenye umati, akamwona mmoja mwenye sura ya huruma, akampa kikaratasi.

Siku ile mstari wa mbele kabisa alikaa mama mmoja mfupi, kajifunika khanga za zambarau gubigubi, mpya, bado zinanukia duka. Katibu alimwona, akafurahi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya jukwaa na kitabu changu mapajani. Nilimtambua. Ningeweza kusema. Sikusema, nilijiambia si kazi yangu kutambua watu.

Kijana aliuliza ni kwa nini Chama kinawapenda vijana hivi. Akajibiwa. Mfanyakazi akauliza kama Chama hakichoki kuwatumikia wafanyakazi. Akajibiwa kuwa hakichoki. Kisha kipaza sauti kikafika kwa mama.

Akakishika kikaratasi mbali, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali tena. "Mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani," akamwambia Katibu. "Acha niulize la kichwani."

Katibu akacheka, uwanja ukacheka. Nani angemnyang'anya mama kipaza sauti mbele ya kamera?

"Kamanda Ngwali, mwanangu," akaanza, kwa ile sauti yake ya chini, ila safari hii vipaza sauti vinane vilikuwa vinaibeba. "Mimi ni Arafa, mke wa Mbaruku fundi. Nimekuja kukutetea."

Kamanda, jukwaani, akanyoosha shingo.

"Maana mitaani huko maneno ni mengi. Wapinzani wanasema ati unamwogopa mume wangu. Nikawaambia, acheni uzushi! Mbaruku? Mzee wa kilo hamsini? Kila akipiga chafya namshika asianguke! Wanasema siku ya kumi na tano leo kalala kwenye jokofu, kafungwa kikaratasi kwenye kidole gumba cha mguu, na Kamanda akimkumbuka anaangusha kijiko."

Kicheko kikaanzia nyuma kabisa, kwa wauza karanga.

"Wanasema, huyo ndiye atakuwa mwenyekiti wa mkoa? Na maiti ya fundi inamshinda? Nikawaambia Ngwali ninayemjua mimi ni dume. Sasa wamenituma nikuulize, nikawape jibu. Mwanangu, unamwogopa mume wangu, au humwogopi?"

Jamani, watu walicheka. Walicheka mpaka Wakereketwa wenyewe, pamoja na bunduki zao, mabega yakawa yanatikisika. Mmoja akapiga kelele, "Jibu, Kamanda! Usiangushe kijiko!" Uso wa Kamanda ukawa wa zambarau, ukalingana na shati. Dakta Lukumba alimshika mkono, akamnong'oneza. Kamanda akauondoa mkono ule kwa nguvu. Akarukia kipaza sauti.

"Simwogopi!" akanguruma. "Nani kasema namwogopa? Mimi Ngwali Kitunda simwogopi mtu, awe hai awe amekufa! Sijawahi kumwogopa yule mzee! Hata siku ile sikumwogopa! Nimwogope fundi na futi kamba yake? Nilimpiga risasi kwa sababu ya ubishi wake tu! Na kucheka! Watu walinicheka!"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Kamanda akainua ngumi. Makofi yakaendelea, yakaendelea, halafu yakaanza kupungua, mstari kwa mstari, kadiri watu walivyokuwa wakielewa walichokuwa wanakipigia. Mwisho akabaki mtu mmoja tu anapiga, yule wa karanga, naye akaacha.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika. Saa kumi na dakika tano alasiri, neno kwa neno. Mashahidi: elfu tatu.

*

Dakta Lukumba alichukua kipaza sauti akaanza kueleza kuwa Kamanda amesema kishairi. Sikungoja mashairi. Nilikumbuka tu kwamba ofisi inafungwa saa kumi na nusu.

Nilipofika chumba namba sita Bi Arafa alikuwa keshafika, kaketi kwenye benchi lake, anahema. Alivua khanga za Chama, akazikunja vizuri, akaziweka kando. Futi kamba ilikuwa shingoni.

"Kasema," akaniambia.

"Kasema, mama."

"Basi gonga."

Nilifungua kitabu. Nilichukua kibali cha mazishi, nikajaza visanduku vyote. Muhuri ulikuwa mkononi. Na hapo, wallahi, mkono ukagoma. Simu ya mezani ilikuwa inalia. Nilijua ni nani anayepiga na nilijua anataka kuniambia nini.

"Simu hiyo," akasema Bi Arafa.

"Naisikia mama."

Hakunisihi. Alikaa tu vile, vidole kwenye futi kamba, akaivuta taratibu kutoka shingoni, akaikunja kiganjani.

Nikagonga. Ndipo nikapokea simu. "Usigonge muhuri!" ilisema simu. Nikajibu, kwa adabu, "Mheshimiwa, umechelewa kidogo."

Fundi Mbaruku alizikwa siku ile ile kabla ya magharibi. Mtaa wa Sindano mzima ulikwenda, na mafundi wenzake ndio walioingia kaburini kumpokea. Wakereketwa walisimama ng'ambo ya barabara na bunduki zao. Hakuna aliyeogopa siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyekufa.

*

Wiki iliyofuata niliitwa mbele ya Tume. Wazee watano, meza moja, Dakta Lukumba katikati.

"Kalenga," akasema, "umemwachia mtuhumiwa hatari. Kwa nini uligonga muhuri?"

"Niliogopa, Mheshimiwa."

Dakta Lukumba akaweka kalamu chini.

"Uliogopa nini?"

"Niliingiliwa ofisini na mtu mwenye silaha, Mheshimiwa. Aliivua shingoni. Akaikunja mkononi, hivi. Nilikuwa peke yangu. Nikagonga muhuri kwa kujihami."

"Silaha gani, mwendawazimu wewe?"

Nikawafungulia Orodha ya Silaha za Taifa, ukurasa wa ishirini na mbili, baina ya fataki na gobole. Nikawaonyesha saini ya Dakta Lukumba. Ilikuwa nzuri, ingawa si kama mwandiko wangu.

Mzee mmoja akapendekeza futi kamba ifutwe kwenye Orodha. Mwingine akamnong'oneza, "Ikifutwa, Ngwali alijihami dhidi ya nini?" Yule wa kwanza akanywa maji. Wakatoka, wakarudi, wakatoka tena. Mwishowe nilipewa Hati ya Hofu, ya kiasi kikubwa, nikaambiwa nirudi kazini na nisiogope tena bila kibali.

Kamanda Ngwali naye hakuachwa. Mahakama iligundua kwamba pale uwanjani alisema hakuogopa kwa sababu aliogopa kuchekwa, kwa hiyo aliogopa, kwa hiyo hana kosa. Kicheko kikaingizwa kwenye Orodha ya Silaha. Ngwali akawa mwenyekiti wa mkoa. Futi kamba zikakusanywa nchi nzima, na tangu hapo mafundi wa Upoleni wanapima watu kwa macho, na kwa hofu. Ndiyo maana ukimwona kiongozi wetu kwenye picha, shati limemkaba shingoni na anatabasamu kwa shida.

Nilijiona shujaa. Kwa nini nifiche? Nilitembea Mtaa wa Sindano nimetunisha kifua, watu wananiamkia. Nikapita dukani kwa marehemu, nikamkuta Bi Arafa kwenye cherehani. Alinyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante mwanangu. Nilisikia ulivyowajibu. Uliogopa vizuri."

Nikacheka. "Ni kazi tu, mama."

Hakucheka. Alikuwa bado kaushika mkono wangu, ule wa kuandikia, anautazama.

"Mbaruku alikuwa anakusifu," akasema. "Alisema Kalenga ana mwandiko mzuri sana. Mahakamani nilionyeshwa kile kisanduku cha tisa, nikamsikia na Ngwali akisimulia mlivyosemezana. Mwandiko nikautambua." Akaniachia mkono. "Nataka kukuuliza moja, mwanangu, halafu sitakuuliza tena. Siku ile Ngwali alipokwambia mume wangu hakuwa na kitu, akakwambia acha wazi, ukaandika. Siku ile ulikuwa unamwogopa nani?"

Ndugu zangu, miaka tisa sikuwahi kuacha kisanduku wazi, na ninajua namna ya kuandika chochote mahali popote. Nilisimama pale mlangoni mpaka akarudi kukaa, akaanza kushona, nami sikuwa na cha kuandika.